Tulivyotafuta Pa Kulala Baharini na Tela la Baba Naomi

Tangu turudi nimeulizwa swali moja sokoni, kanisani, na hata na yule kijana anayesoma mita za maji: "Mama Naomi, mlilala wapi?" Hakuna anayeuliza kama bahari ni nzuri. Watu wa Same tunajuana. Bahari kuitazama ni bure, pa kulala ndipo panapolipiwa. Nimechoka kueleza vipande vipande, huyu nimpe mwanzo, yule mwisho, halafu wakutane wabishane kwa jina langu. Naandika yote mara moja.

Same hadi Hedaru

Kwanza tela lenyewe, kwa wasiolijua. Mume wangu, Baba Naomi, ni fundi wa kuchomelea. Mageti na madirisha anawatengenezea watu, ila tela hili alijitengenezea mwenyewe. Ekseli aliitoa kwenye pikapu iliyokufa, kuta ni bati kwa nje na mbao kwa ndani. Lina kitanda kimoja kikubwa, benchi linalogeuka kitanda cha mtu mmoja, jiko la gesi la kupikia sufuria moja, na pazia nililolishona mimi, msije mkasema sikuchangia. Lilikula Jumapili zake za mwaka mzima, baada ya ibada.

Mimi nanunua tangawizi milimani na kuiuza kwa jumla, na kila nilipolitazama tela lile niliona magunia. Si mimi peke yangu. Bwana Elisante, mkulima wa mpunga kule Bendera, alishakuja mara mbili akalizunguka akiligongagonga kama mtu anayechagua nazi. Alitaka kubebea mpunga. Mimi nilitaka kumuuzia. Baba Naomi alitaka kwenda nalo baharini.

Tukapatana. Twende pwani ya Tanga, tulale karibu na maji mara tano. Malipo ya kulala, yote kwa jumla, yasizidi bei ya gunia moja la tangawizi. Yasipozidi, tela linabaki nyumba na mimi nanyamaza. Yakizidi, wakati wa kurudi tunapita Bendera na kumuuzia Bwana Elisante.

"Malipo ya kulala ni pamoja na nini?" Baba Naomi aliuliza. Ananijua.

"Kila tutakachomlipa mtu ili tuwepo pale tulipo."

Akafikiri, akakubali. Ningemshauri afikiri tena, lakini nilikuwa upande wa pili wa patano.

Shahidi alikuwa mjomba wake, Mjomba Zefania wa Mhezi. Huyu ndiye anayegawa zamu za maji kwenye ndiva ya kwao, lile bwawa linalokusanya maji ya mto usiku kucha ili asubuhi yafunguliwe kwenda mashambani, leo kwako, kesho kwa jirani. Tulimpigia simu awe shahidi tu. Alfajiri ya safari tukamkuta mlangoni na blanketi, koti zito na sufuria ya makande.

"Shikamoo mjomba. Na wewe unakwenda?"

"Marahaba. Shahidi gani anashuhudia Tanga akiwa Mhezi?"

Hedaru askari wa barabarani akatusimamisha. Alilizunguka tela, akasoma namba, akarudi dirishani.

"Mmepakia nini?"

"Hatujapakia kitu, afande," alisema Baba Naomi. "Ni nyumba."

Wakati huohuo pazia likafunguka. Mjomba, aliyekuwa ametuambia anapanda nyuma kuweka sufuria tu kisha akae kwenye bodi la pikapu yetu, akatoa kichwa, koti limefungwa hadi shingoni. "Hamjambo? Tumefika?"

Askari alimtazama, akanitazama. "Kwa hiyo hii nyumba ina mzee ndani."

Tukasomewa kwamba mtu hapandi kwenye tela linalotembea, na ni kweli, wala sikubisha. Mjomba akahamia mbele, akakaa katikati yetu na sufuria magotini. Nikajua tumemaliza. Lakini askari akaomba kuona ndani. Halafu akamwita mwenzake aone. Mwenzake akaona benchi likigeuka kitanda, akataka ligeuzwe tena. Baba Naomi aliligeuza mara nne, uso unang'aa kama bwana harusi. Tuliondoka jua limeshakuwa kali, bila faini, na oda mbili za mageti.

Hedaru hadi Muheza

Hapa sina mengi. Mombo tulikula makande ya Mjomba kwa sababu alikataa kabisa tununue chakula wakati kipo. Korogwe tulikula makande ya Mjomba. Muheza nikasema sasa basi, nikashuka kununua machungwa. Muuzaji alinitajia bei, nikacheka kidogo tu, ile ya puani. Akaniuliza, "Dada, umetoka Upare?" Nikamuuliza amejuaje. Akasema, "Wengine huwa wanaanza na salamu." Nikamsalimia, tukaanza upya, nikapata kwa bei ileile na chungwa moja juu. Nililihesabu kama ushindi.

Kambi yenye geti

Pwani ya kwanza ilikuwa nje kidogo ya mji wa Tanga. Kulikuwa na geti, majani yaliyokatwa vizuri, na kijana mwenye fulana yenye kola akiwa na karatasi ya bei. Hema lilikuwa na bei yake, gari bei yake, chumba bei yake. Tela halikuwemo.

"Mna hema?" aliuliza.

"Hatuna."

"Basi mtachukua chumba."

"Chumba tunacho. Tumekuja nacho."

Alitoka akaliona. Akapiga simu kwa bosi, akaeleza, akasikiliza, akarudi. "Bosi anasema kama lina kitanda, ni chumba. Mtalipa bei ya chumba."

"Mwanangu," nilimuuliza, "shuka ni za nani?"

"Zenu."

"Godoro?"

"Lenu."

"Nani atatandika asubuhi?"

Akasita. "Nyinyi."

"Basi sisi ni hoteli iliyokuja kwenye hoteli. Hoteli haimlipi mwenzake chumba."

Simu ilipigwa tena mara tatu. Tulitoka kwenye chumba, tukashuka kwenye hema mbili, tukaishia hema moja na gari, na Mjomba akahesabiwa nusu kwa ajili ya umri. Nilirudi kwenye pikapu nimejaa furaha ya kazi nzuri, nikamkuta Baba Naomi anatabasamu. Ndipo nilipokumbuka. Ningetaka kushinda patano letu, ningelipa bei ya chumba bila neno, hata ningeomba waongeze. Mdomo wangu ulikuwa umefanya kazi ya upande wa pili.

Hata hivyo, usiku huo mmoja ulikula nusu ya gunia. Bahari ilikuwepo, nyuma ya ukuta. Mjomba alisimama juu ya ndoo kuiona, akashuka akaenda kulala.

Kwa Bi Mwanahawa, njia ya Pangani

Asubuhi tukashika njia ya Pangani, tukiuliza kila kijiji. Wengine walidhani tunauza kitu ndani ya tela, tukafukuzwa na watoto wakidai aiskrimu. Tuliyempata alikuwa Bi Mwanahawa, mama mtu mzima mwenye shamba la minazi linaloshuka mpaka ufukweni. Hana geti. Ana choo safi, kisima, na mdomo.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba wanangu. Hilo gari la maiti au la nyuki?"

Tulipomweleza alicheka mpaka akakaa. Akataja bei ya kulala chini ya minazi. Ilikuwa ndogo, naapa ilikuwa ndogo. Niliipigia hesabu ya siku zilizobaki mara mbili: tungemaliza ndani ya gunia na hela ya sukari ya nyumbani ingebaki. Baba Naomi alikuwa ameshaanza kutafuta jiwe la kuzuia gurudumu.

Lakini mimi nilikuwa nimeona kitu. Mbele ya minazi, chini, kulikuwa na uwanja mpana wa mchanga mweupe, mgumu, umenyooka kama meza. Maji yenyewe yalikuwa mbali sana, mstari tu, na wanawake wameinama huko wakiokota kombe.

"Bibi, ule mchanga wa chini ni wa nani?"

"Wa Mungu."

"Basi tutalala kwa Mungu. Yeye hadai."

"Mwanangu, kwa Mungu kuna maji."

"Maji si yale kule?"

"Yatarudi. Leo ni bamvua, yanakwenda mbali na yanarudi na nguvu."

Kusema kweli nilijua bahari hupwa na kujaa, shuleni tulisoma. Ila nilidhani ni kama mtu anavyopumua, hatua mbili mbele, mbili nyuma. Nikamgeukia mtaalamu wetu. Mjomba Zefania alikuwa amesimama ukingoni, mikono nyuma, akiutazama ule mchanga mtupu kwa hasira ya kikazi.

"Nani kafungulia maji yote haya kwa mkupuo?" aliuliza.

"Hakuna aliyefungulia, kaka," alisema Bi Mwanahawa. "Yamekwenda yenyewe. Alasiri yanarudi."

Mjomba akatikisa kichwa kwa huruma. "Mama, mimi nagawa maji tangu nina meno yote. Maji yakishatolewa asubuhi, kujaa ni kazi ya usiku kucha. Bwawa dogo la Mhezi halijai kwa nusu siku, sembuse hili. Wekeni tela. Mpaka kesho alfajiri hakuna kitu hapa."

Bi Mwanahawa akasema, "Haya." Akaingia ndani, akatoka na mbuzi ya kukunia nazi na nazi zake, akaihamisha kutoka kivulini kwake mpaka mahali anapoona ufukwe wote vizuri, akakaa.

Tukashusha tela. Baba Naomi hakupenda, lakini palikuwa bure na shahidi ameshasema. Nikapika chai. Tulikaa mlangoni, miguu kwenye mchanga wa Mungu, hakuna ukuta, hakuna ndoo. Baba Naomi akaondoka na pikapu kwenda kijijini kutafuta samaki. Mimi na Mjomba tukalala kidogo.

Niliamshwa na kikombe kilichopita mlangoni kinaelea.

Maji hayakuja kwa kelele. Yalikuwa yamefika tu, kama mgeni asiyebisha hodi, yakizunguka magurudumu upande huu na upande ule. Nilipiga kelele mimi. Mjomba alitoka na koti, akakanyaga chini, akazama mpaka kwenye vifundo, akasema kwa sauti ya mtu aliyeibiwa, "Zamu hii ni ya nani?"

Baba Naomi akarudi mbio. Pikapu ikashuka, ikafungwa, ikavuta, magurudumu yakachimba mchanga na tela likakaa chini zaidi. Wale wanawake wa kombe walishatoka majini zamani na vikapu vyao, wamesimama chini ya minazi wakitutazama. Mmoja akasema wanaweza kuvuta, wao na vijana wa boti, akataja malipo.

Nilianza kupatana nao maji yakiwa magotini. Yalipofika kiunoni nikakubali.

Bi Mwanahawa ndiye aliyesimamia. Makuti chini ya magurudumu, kamba mbili mbele, watu kila pembe. "Sote! Sote! Wewe mzee wa maji, toka hapo mbele, utakanyagwa!" Wimbi lilipokuja tela likaegemea upande, nikasikia vyombo vikianguka ndani, nikajikuta nimelikumbatia kwa nyuma kwa mikono yote, shavu kwenye bati, nikiliambia, "Usianguke, usianguke baba, simama." Mimi huyu. Baba Naomi aliniona. Akaendelea kuvuta.

Likatoka. Lilipanda mchanga wa juu likitiririka maji kila upenyo, watu wakapiga vigelegele kama limeolewa.

"Wapare nyie!" Bi Mwanahawa alimwambia Mjomba, machozi ya kicheko yakimtoka. "Sasa kwa hili si mtaishtaki bahari?"

"Bahari ina mwenyekiti?" Mjomba aliuliza. Hakuwa anatania.

"Mwezi, kaka. Mwezi ndio unaigawa. Ukiwa mpevu kama leo, au ukiandama, maji yanakuwa makubwa. Katikati hapo yanapoa."

Mjomba alikaa chini na koti lililolowa akalifikiria jambo hilo. "Hapo hakuna mtu wa kumpelekea kuku usiku ili zamu yako isogezwe," akasema mwishowe. "Nimependa."

Siku zilizobaki tulilala chini ya minazi, kwa bei niliyoambiwa mwanzoni, sikupunguza hata shilingi. Sijui niwaelezeje. Asubuhi unafungua pazia, maji yapo hapo, yanameta. Mchana yamekwenda na unaweza kutembea sakafu yake. Bi Mwanahawa alitupikia wali wa nazi na pweza. Mjomba alimgeuza pweza kwa kijiko, akahesabu mikono yake, akasema mnyama mwenye mikono mingi hivyo lazima alikuwa mwizi. Alipoonja akaomba mkono wa pili. Kila maji yalipoanza kurudi alikwenda kusimama na fimbo yake mchangani, anachora mstari, maji yanaupita, anachora mwingine, anacheka peke yake. Baba Naomi alijifunza kuelea chali. Alielea hivyo, tumbo juu, akilitazama tela lake kutoka baharini, na mimi nikimtazama yeye.

Usiku wa mwisho nilihesabu malipo. Nilihesabu mara mbili, kama kawaida yangu. Nikahesabu mara ya tatu, jambo ambalo si kawaida yangu. Kambi ya geti, minazi ya Bi Mwanahawa, na wavutaji. Tumezidi. Si sana, lakini tumezidi.

"Wale wa kamba hawakutulaza," nilimwambia Mjomba. "Walituvuta."

Shahidi hakunionea huruma. "Ulisema kila mtakachomlipa mtu ili muwepo pale mlipo. Bila wao mngekuwa hapa?"

Baba Naomi akasema, "Patano ni patano, Mama Naomi." Akaenda kukaza boliti za tela, ili Elisante alikute zima.

Mkomazi hadi Bendera

Njia nzima ya kurudi niliwaza. Mkomazi tukakata kulia kwenda Bendera. Nilikuwa nimeshapata mpango. Patano lilisema tupite tukaliuze, halikusema kwa bei gani.

Bwana Elisante alitupokea na mkewe, Mama Hosea. Akaligonga tena tela, akanusa chumvi, akauliza bei. Miaka yote hii ya biashara, kwa mara ya kwanza nilitaja bei nikiomba ikataliwe. Niliitaja ile tuliyowahi kuzungumza, na juu yake nyingine kama hiyo. Mjomba alikohoa. Nikakunja mikono nikasubiri Elisante acheke ile ya puani.

"Sawa," alisema Elisante.

"Sawa nini?"

"Nachukua. Mavuno yalikuwa mazuri."

Jamani. Hata hakuomba kupunguziwa! Mtu wa aina gani hapatani bei? Baba Naomi aliinama taratibu, akaanza kulegeza pini ya kufungia tela. Hakuwa amenikasirikia, na hilo ndilo lililonimaliza. Sokoni bei niliyoitaja ikikubaliwa imeisha, sijawahi kurudi nyuma hata nilipopata hasara ya kulia. Nikasikia mdomo wangu unasema:

"Kaka Elisante, nimekosa. Siuzi."

Kuku wakapita. Elisante akamgeukia Mjomba kama mkubwa wetu. "Mzee, hii inakuwaje?"

"Inakuwa faini," alisema Mjomba bila kufikiri. "Kavunja mapatano mawili, la mumewe na lako. La mumewe watalimaliza wenyewe." Hapo Baba Naomi alikuwa ameishikilia ile pini mkononi, anajitahidi kutocheka. "La kwako, taja faini wewe uliyekosewa."

Elisante akakuna kidevu. Naona alikuwa anaelekea kwenye mbuzi, kama si kondoo. Mkewe akamtangulia.

"Mimi nataka kulala humo," alisema Mama Hosea.

"Wapi?"

"Humo ndani. Kuna kitanda, kuna pazia. Nimekaa kwenye ndoa hii tangu mama mkwe yuko hai, sijawahi kulala mahali ambapo mtu hawezi kunigongea aulize chumvi iko wapi."

Ikapitishwa. Usiku ule Elisante na mkewe walilala kwenye tela, pembeni ya mpunga wao wenyewe, na sisi watatu tukalala ndani kwao tukipigana na mbu. Watu waliokuja kugonga kuuliza chumvi nilihangaika nao mimi. Tuliwasikia wale wawili wakicheka huko nje kama watu wasio na shamba.

Asubuhi Elisante alitoka akanijia jikoni, uso umebadilika. Alitaka kujua kama faini ya namna hii inaweza kuongezwa usiku mmoja. Nikamwambia faini imekwisha, kuanzia hapo ni kambi, na kambi ina bei. Akasema kiwanja ni chake. Nikasema kitanda si chake. Tukakaa chini kwenye vigoda tukapatana kama watu, wao usiku mmoja zaidi, sisi debe la mchele, na mimi nikainuka nikiwa na amani ya moyo kamili.

Kwa hiyo mlioniuliza pa kulala baharini pa bei nafuu: shukeni njia ya Pangani, ulizeni Bi Mwanahawa, mlipeni anachosema na mlale upande wa juu penye minazi, si kule chini kwenye mchanga. Na mlioanza kuniuliza kwa pembeni kama tela linauzwa, haliuzwi. Bei pia msiniulize. Nikiitaja, mtu anaweza kukubali.